Maswali ya Gereji: Maji ya Rejeta Yanaishia Wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia pale pale: gari linapunguza maji, kila fundi ana jibu lake, na pesa zinaishia kwenye vipuri ambavyo havikuwa na kosa. Tumechagua chache zinazogusa wengi.

Jambo moja lishikwe mapema, kwa sababu majibu yote yanaliegemea. Petroli kazi yake ni kuliwa, na oili injini inaweza kuila kidogo, lakini kulanti, yaani yale maji ya kupoza injini, inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Gari zima linaweza kumaliza miezi mingi na chupa ya akiba isishuke zaidi ya kidole. Ikishuka kila wiki, kuna tundu. Anayekwambia "magari haya ndivyo yalivyo, we ongeza tu" hajalitafuta.

Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Naongeza kama nusu lita kila wiki lakini chini pa kuegeshea pakavu kabisa. Fundi wa kwanza amesema rejeta, wa pili wota pampu (pampu ya kuzungusha maji), wa tatu hedi (kichwa cha injini). Nianzie wapi? – Msomaji, Morogoro

Ndugu, usinunue chochote bado. Injini yako inabeba takriban lita 5 za kulanti, kwa hiyo nusu lita kwa wiki ni sehemu ya kumi ya mfumo mzima. Huo si uvujaji mdogo, ila umejificha. Chini kuwa pakavu hakuthibitishi lolote: tone likiangukia chuma cha moto linakauka kabla ya kufika ardhini, na likidondokea kava ya plastiki iliyo chini ya injini linabaki hapo hapo. Tena sehemu nyingi huvuja gari likiwa linatembea tu, wakati presha ya ndani imepanda.

Acha gari lilale likiwa limezimwa, usiku kucha, kisha asubuhi fungua boneti ukiwa na tochi na kioo kidogo. Usitafute maji, tafuta alama. Kulanti ikikauka huacha ukoko mweupe, wa waridi au wa kijani, kutegemea rangi yake. Anza na rejeta: chunguza mstari ambapo tanki la plastiki la juu na la chini yanapobanwa na alumini, maana plastiki hukakamaa kwa joto la miaka mingi na kupasuka hapo, au kwenye shingo ya mpira wa juu. Kisha pitia miisho yote ya mipira: wa juu, wa chini, na ile miwili midogo inayoelekea kwenye hita kupitia ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria. Uminye kila mpira. Ukiwa mlaini kama mpira wa kuchezea, au mgumu unaotoa mlio wa kupasuka, umekwisha hata kama bado hauvuji.

Wota pampu ina siri yake. Chini ya shafti yake kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yanatokea hapo ili yasiingie kwenye bearingi. Alama kavu kidogo chini ya kitundu inavumilika. Ukiona mfereji wa ukoko unaoshuka kwenye bloku, yaani mwili wa injini, au mstari wa madoa yaliyorushwa na mkanda hadi chini ya boneti, pampu inaondoka. Toa mkanda, shika puli, itikise juu na chini. Ikicheza, basi bearingi nayo imekufa.

Ukikosa alama, nenda gereji yenye pampu ya kupimia presha ya rejeta. Hiki ndicho kipimo ambacho mafundi wako watatu wangepaswa kukifanya kabla ya kutaja kipuri. Injini ikiwa baridi, mfumo unajazwa maji hadi juu, kifaa kinafungwa mahali pa kifuniko, kisha kinapampwa hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe. Vifuniko vingi vya Toyota vimeandikwa 1.1, yaani kama pauni 16 kwa inchi ya mraba. Usizidishe, utapasua rejeta nzima kwa mikono yako. Kisha subiri robo saa na uangalie mshale.

Mshale ukishuka na tone likaonekana, kazi imekwisha. Ukishuka bila tone popote, zimebaki sehemu mbili: hita ndani ya dashibodi au ndani ya silinda. Kwa hita, ingiza mkono chini ya zulia la abiria wa mbele, karibu na ukuta. Likiwa limelowa maji yanayonata na kunukia utamu, umepata. Dalili nyingine ni kioo cha mbele kupata ukungu wa mafuta kila ukiwasha hewa ya moto. Kwa silinda, fungua plagi zote nne, acha presha iendelee kukaa nusu saa, kisha fundi azungushe injini kwa starta huku wote mmesimama pembeni. Maji yakiruka kutoka tundu moja, fundi wako wa tatu alikuwa sahihi. Angalia pia plagi zenyewe: iliyotoka silinda inayomeza maji huwa safi ajabu kuliko wenzake, kwa sababu mvuke umeiosha.

Na kama mshale haukushuka kabisa? Basi pima kifuniko, kwa kifaa hicho hicho na adapta yake. Kifuniko ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huu, nacho hulaumiwa mwisho.

Chupa ya akiba imejaa hadi juu, tena inafurika. Lakini nikifungua rejeta, maji yamo chini. Inawezekanaje? – Mwenye Fielder, Nairobi

Inawezekana sana, na wenye magari wengi huchungulia chupa tu wakaamini mambo ni shwari hadi siku gari linachemsha.

Kifuniko cha rejeta kina valvu mbili. Kubwa inashikiliwa na springi: kulanti ikipata joto na kupanuka, presha ikifika kiwango cha kifuniko, valvu inanyanyuka na ziada inapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye chupa. Ndogo iko katikati, nayo hufanya kinyume. Injini ikipoa kulanti inasinyaa, kunakuwa na mvuto ndani, na ile valvu ndogo inafunguka ili rejeta inywe tena ilichotema.

Kwa hiyo chupa iliyojaa pamoja na rejeta pungufu maana yake ni kutema bila kunywa. Tazama vitu vitatu. Valvu ndogo ivute kwa kucha: inapaswa kufunguka kwa urahisi na kurudi. Ikiwa imeganda kwa kutu, utaona pia mpira wa juu umebonyea ndani asubuhi gari likiwa baridi. Pili, gasketi ya mpira ya kifuniko na mdomo wa rejeta inapokaa: ikiwa na mkwaruzo au ukoko, rejeta inavuta hewa badala ya maji. Tatu, mpira mwembamba wenyewe, ambao mara nyingi umepasuka pale unapoingia kwenye shingo ya rejeta, au ndani ya chupa umekatika na mwisho wake haufiki kwenye maji. Hewa ni rahisi kuvutwa kuliko maji, kwa hiyo ufa usiovuja hata tone unatosha kuharibu mzunguko mzima.

Kwako Nairobi jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwa jirani yetu wa Mombasa. Kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 maji matupu yanachemka takriban nyuzi 94, si 100. Kifuniko kizima cha 1.1 kinapandisha kiwango hicho hadi juu ya 115. Kifuniko kibovu kinakuacha na zile 94, na injini yako hufanya kazi kawaida jirani kabisa na hapo. Nunua kipya chenye namba ile ile ya cha zamani. Kuweka cha 1.3 mahali pa 1.1 "ili kiwe imara" ni kuisukuma mipira na tanki la plastiki kubeba mzigo usio wao.

Ukibadilisha vyote hivyo na chupa ikaendelea kufurika, tena ikitoa mapovu injini inapounguruma, soma jibu la Alphard hapa chini.

Kila nikisimama baada ya safari, maji yanadondoka chini upande wa abiria. Je, rejeta imetoboka? – Dada mwenye Passo, Tanga

Hapana, dada. Kama ulikuwa umewasha AC, hayo ni maji ya unyevu wa hewa yanayotoka kwenye bomba lake. Katika joto la pwani huweza kudondoka kwa muda mrefu. Weka karatasi nyeupe chini: maji ya AC hayana rangi, hayanati na hayana harufu. Kulanti inateleza vidoleni. Usiionje, nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glikoli, ambayo ni tamu na ni sumu, na ndiyo maana ikimwagika uani imwagie maji mengi mara moja kabla mtoto, mbwa au paka hajaifikia.

Ukiona maji ya AC yameacha kudondoka chini na badala yake zulia limelowa, bomba limeziba. Lizibue kwa waya laini au upepo.

Probox yangu ilichemsha mara moja. Fundi ametoa themostati, akasema nchi zetu za joto haziihitaji. Tangu hapo haijachemsha, lakini mafuta yanaisha upesi. – Dereva, Mombasa

Bwana dereva, umeishajibu swali lako mwenyewe kwenye ile sentensi ya mwisho. Themostati ni valvu inayoachia maji yaende kwenye rejeta yakishapata joto, na ile ya 1NZ, injini iliyo kwenye Probox nyingi, huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Bila hiyo, kompyuta inadhani injini bado haijapata moto, inaongeza petroli, na unyevu unaoingia kwenye oili haupati joto la kuutoa. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi themostati ina kazi ya pili: ikifunguka upande wa rejeta, inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Kwenye barabara tambarare hutajua. Siku utakapopanda mlima na mzigo, sehemu ya maji itakuwa inaipita rejeta pembeni, na gari litachemsha kwa sababu ya dawa uliyopewa.

Tena themostati haivujishi maji. Kama Probox ilichemsha kwa kupungukiwa maji, tundu bado lipo.

Rudisha themostati, lakini ipime kwanza. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yenye kipimajoto, isiguse chini. Ianze kufunguka kwenye 80 hadi 84, na ikifika 95 iwe imefunguka angalau milimita 8. Ikichelewa au ikibaki nusu, tupa. Wakati wa kuifunga, weka gasketi yake mpya ya mpira, na kile kivalvu kidogo kinachochezacheza kikae juu ili hewa itoke.

Alphard ya 2.4 inapunguza maji. Nyuma ya injini, upande wa ukuta, kuna ukoko wa waridi. Fundi anataka kubadilisha gasketi ya hedi. Nimruhusu? – Mzee mwenye familia kubwa, Dodoma

Shikamoo mzee. Mruhusu kufungua, lakini mkubaliane kwanza juu ya jambo moja, la sivyo utalipa mara mbili.

Alphard hiyo ikiwa na injini ya 2AZ-FE, sawa na Harrier, Kluger na Estima za 2.4, kuna udhaifu unaojulikana kwenye injini za miaka ya mwanzo, hasa 2002 hadi 2006. Bloku ni ya alumini, na nyuzi zinazoshika bolti za hedi upande wa nyuma hung'oka. Bolti inalegea, hedi inanyanyuka kidogo sana, na kulanti inatokea nyuma ya injini hapo ulipoona ukoko. Gasketi haina kosa. Fundi akiweka mpya na kukaza bolti kwenye nyuzi zilizokufa, haitachukua muda mrefu ukoko utarudi.

Dalili yake ni rahisi: wakati wa kufungua, bolti ya nyuma inatoka bila nguvu, na vipande vya alumini vimejisokota kwenye meno yake. Tiba ni kutoboa tundu kwa kipimo, kutengeneza uzi mpya na kuweka bushi za chuma zenye uzi. Matundu ni kumi, na ingawa mengi yanaweza kuwa mazima, ukiwa umeshafungua hedi tunashauri yote yawekewe. Kazi hii inataka kiongozi cha kutobolea kilichonyooka. Tundu likienda upande milimita moja, bloku imeharibika. Muulize fundi wako atatumia nini. Akisema atazungushia uzi wa tairi au gundi ya chuma, mshukuru uondoke.

Kabla ya kufika huko, thibitisheni kama gasketi yenyewe imeungua au la. Kuna kipimo cha maji ya bluu: kifaa kinakaa mdomoni mwa rejeta, kinavuta hewa iliyo juu ya kulanti, na maji hayo yakigeuka njano kuna moshi wa silinda umeingia kwenye mfumo. Hakikisheni tu kulanti haipandi ndani ya kifaa, itaharibu jibu. Kipimo kingine hakihitaji chochote kipya: funga pampu ya presha injini ikiwa baridi, washa, na utazame mshale. Presha ikiruka ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, si joto linaloisukuma bali ni mlipuko wa silinda. Uwe mwepesi wa kuzima na kuitoa presha. Mpira wa juu kukaza kama jiwe asubuhi, mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, moshi mweupe wenye harufu tamu usiokoma injini ikishapata moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki: hizo ni dalili za gasketi au hedi. Utelezi mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake haumaanishi hivyo. Gari la safari fupifupi hulipata kwa unyevu tu.

Hedi ikishatoka, ipimwe kwa rula ya chuma na fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa injini nyingi za aina hii kupinda kunakovumilika ni kama milimita 0.05. Ikizidi, ipelekwe mashine ikachongwe, na ipimwe ufa kwa presha kabla ya kurudi. Bolti za hedi zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kwa hatua za kitabu cha injini hiyo, si kwa "nguvu ya mkono niliyoizoea."

Dereva mwenzangu ameniambia niweke bizari ya manjano kwenye rejeta, mwingine ute wa yai. Madukani pia kuna dawa ya kuziba. Ipi bora? – Msomaji, Mwanza

Zote zinafanya kazi kwa njia moja: chembe zinaelea kwenye maji, zinavutwa kwenye tundu, zinajibana na kuziba. Shida ni kwamba chembe hazijui lipi tundu la kuvuja na upi mrija wa rejeta. Mirija ya rejeta za siku hizi ni myembamba, na ya hita ni myembamba zaidi. Bizari inayoziba ufa leo hukaa pia chini ya mirija, na miezi michache baadaye unatafuta kwa nini gari linachemsha ukiwa kwenye foleni. Ute wa yai una nyongeza ya kuoza.

Dawa ya dukani ya kimiminika tunaikubali kwa hali moja tu: uko mbali na mji, ufa ni wa rejeta na ni mdogo, na ukifika utaitoa na kusafisha mfumo. Kwenye mpira uliopasuka, sili ya pampu au gasketi ya hedi inapoteza muda.

Kuhusu kulehemu: rejeta za zamani za shaba, zile za Land Rover na Land Cruiser za kazi, fundi mzuri wa risasi anazifufua kabisa. Za alumini zenye matanki ya plastiki hazishiki risasi. Gundi ya epoksi itakufikisha nyumbani, ikiwekwa juu ya plastiki iliyopigwa msasa na kukaushwa, na ukatembea taratibu. Baada ya hapo ni rejeta nyingine.

Gari langu la gia otomatiki limeanza kusita kubadili gia. Kwenye dipstiki ya gia nimeona kitu kama maziwa ya stroberi. – Mama, Arusha

Mama, usiliwashe tena gari hilo. Likokotwe.

Kwenye magari mengi ya otomatiki, oili ya gia inapozwa na mrija uliopita ndani ya tanki la rejeta. Mrija huo ukitoboka, kulanti na oili vinakutana, na hizo ndizo rangi ulizoziona. Maji yanalegeza gundi inayoshika pedi za gia, kwa hiyo kila kilomita unayotembea inakupeleka karibu na kununua gia boksi. Rejeta inabadilishwa, haizibwi. Oili ya gia imwagwe na kuoshwa zaidi ya mara moja hadi itoke safi, chujio libadilishwe, na mfumo wa maji nao uoshwe. Ukigundua mapema, kabla ya kusita, gia mara nyingi inapona. Kwako tunaona nafasi ni nusu kwa nusu, na fundi mkweli atakwambia hivyo kabla ya kuanza.

Nikipanda Kitonga, mshale wa joto ulipanda karibu na mwekundu, kisha ukashuka wenyewe hadi baridi. Nikashukuru, nikaendelea. Kilomita chache mbele injini ikazima. Kwa nini? – Msomaji, Iringa

Kwa sababu kile kipimo hakikuwa tena ndani ya maji. Sensa ya joto imetengenezwa kuzamishwa kwenye kulanti. Maji yakishuka chini yake inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaanguka hali chuma kinaendelea kuungua. Mshale unaoshuka ghafla mlimani, bila wewe kupunguza mwendo, ni habari mbaya kuliko unaopanda. Magari mengine, Vitz na Passo nyingi zikiwemo, hayana mshale kabisa. Yana taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya kuchemsha, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa.

Siku nyingine ikianza kupanda: zima AC, washa hita kwa moto wote na feni ya juu, maana hita ni rejeta ndogo ya pili. Utaumia kwa joto, lakini injini inapumua. Tafuta pa kuegesha, zima, fungua boneti. Kifuniko cha rejeta usikiguse kabla ya nusu saa kupita na mpira wa juu kulainika. Ukifungua, weka kitambaa kizito, zungusha robo, ngoja mlio uishe, ndipo umalizie. Maji ya baridi yasimwagwe kwenye injini ya moto: hedi ya alumini inapinda au inapasuka hapo hapo. Yakiwa ni hayo tu uliyo nayo, ingoje ipoe kwanza.

Sasa gari lako likaguliwe hedi kabla ya kurudi barabarani.

Maji ya bomba, ya kisima au kulanti? Na nikibadilisha nijazeje ili hewa isibaki? – Maswali kama haya yametoka Dar es Salaam, Zanzibar na Kigali

Huku kwetu hakuna barafu ya kuogopa, ndiyo maana wengi wanaona kulanti ni anasa. Lakini kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu. Kulanti ina kemikali zinazolinda alumini, chuma na sili ya pampu, maji hayana. Maji ya kisima ya chumvi, kama yale ya sehemu nyingi za Dar es Salaam na visiwani, ndiyo mabaya kuliko yote: yanaacha magaga ndani ya mirija na yanakula alumini na plagi za chuma zinazoziba matundu ya bloku. Ukilazimika njiani, chupa ya maji ya kunywa ni bora kuliko kisima.

Kulanti ya Toyota ya waridi huuzwa ikiwa imeshachanganywa nusu kwa nusu. Iongeze kama ilivyo. Nzito, ile isiyotiwa maji bado, ndiyo ya kuchanganya, na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Soma lebo mara mbili, isije ikawa ni asidi ya betri. Rangi isikudanganye: watengenezaji hawana sheria moja ya rangi, kwa hiyo soma aina yake, na usichanganye kijani cha zamani na waridi. Kulanti ikiwa na rangi ya udongo au mafuta juu yake, tafuta sababu kabla ya kumwaga.

Kuna kosa la hesabu linalofanyika gereji nyingi. Mfumo wa lita 5 ukishauosha kwa maji, lita moja au zaidi inabaki ndani ya bloku hata ukifungua koki ya rejeta. Ukijaza kulanti iliyochanganywa tayari, unaipunguza nguvu. Baada ya kuosha, tia kwanza lita 2.5 za kulanti nzito, kisha malizia nafasi iliyobaki kwa maji yaliyosafishwa.

Kujaza ni kwa subira. Injini iwe baridi, pua ya gari iwe juu kidogo, kwenye mteremko au jeki na stendi zake, ili mdomo wa rejeta uwe sehemu ya juu kabisa. Weka hita kwenye moto. Mimina taratibu huku ukiminya mipira ya juu na ya chini, utaona mapovu yakitoka na maji yakishuka. Yakiacha kushuka, jaza chupa hadi alama ya juu, washa injini kifuniko kikiwa wazi na uso wako ukiwa mbali. Themostati ikifunguka maji yatashuka ghafla, ongeza. Funga kifuniko, endesha injini kwa mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika chache, mpaka feni imewaka na kuzima mara mbili na hita inatoa moto usiokatika. Hita ikitoa baridi huku injini ina moto, hewa ingali ndani.

Zima, iache ipoe kabisa, fungua, ongeza kilichopungua. Rudia kesho yake asubuhi, na utie alama ya kalamu kwenye chupa. Siku mbili tatu za mwanzo alama inaweza kushuka kidogo hewa ya mwisho inapotoka. Ikiendelea kushuka baada ya wiki, rudi kwenye pampu ya presha. Klipu za kuzungushwa kwa bisibisi zikazwe tena baada ya siku hizo, maana mpira mpya hukaa chini ya mbano wake na kulegea, na hapo ndipo unaona tone la asubuhi linalopotea injini ikipata moto. Klipu za springi za kiwandani hazina shida hiyo, hujikaza zenyewe, kwa hiyo usizitupe kwa kuwa tu zinasumbua kufungua.